Mkate wa Kila Siku na Meya wa Chicago

Kila aliyepita darasa la kipaimara anakumbuka ombi la nne la Sala ya Bwana na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo. Martin Luther anapoeleza maana ya mkate wa kila siku haishii kwenye chakula na maji. Anataja nguo, nyumba, shamba, mifugo, afya na majirani wema, na ndani ya orodha hiyo hiyo anaweka watawala waaminifu na serikali njema. Maana yake ni kwamba kila tunapofumba macho na kuomba mkate, tunamwomba Mungu pia diwani mwema, mbunge mwema na meya mwema. Tunaomba hivyo kila siku, lakini ni mara chache tunajiuliza mkate wa namna hii hutoka wapi. Unga hutoka shambani. Kiongozi mwema naye ana shamba alilooteshwa, na shamba hilo lina wakulima wake.

Katika makala hii tunataka kuliangalia shamba hilo kwa kufuata maisha ya mtu mmoja, Harold Washington, aliyekuwa meya wa kwanza mweusi wa jiji la Chicago, Marekani, kuanzia mwaka 1983 hadi alipofariki mwaka 1987. Chicago ni mbali na kwetu, na vyama vyao si vyama vyetu. Kule meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, wakati kwetu Tanzania huchaguliwa na madiwani wenzake. Hata hivyo tumeichagua habari hii kwa sababu makanisa yalikuwa na mkono ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Yalimlea, yalimnyanyua, na alipoondoka ghafla yalibaki na swali gumu, ambalo ni afadhali nasi tulijibu kabla halijatufika.

Mtoto wa mhubiri

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani weusi kwa maelfu walianza kuyahama majimbo ya kusini, ambako wazee wao walikuwa watumwa, wakaenda miji ya kaskazini kutafuta kazi viwandani na kuzikimbia sheria za ubaguzi. Wengi waliteremkia Chicago kwa treni. Lakini hata huko hawakuweza kupanga wala kununua nyumba popote walipopenda. Walibanwa katika ukanda mwembamba upande wa kusini wa jiji, familia juu ya familia. Katika ukanda huo kanisa lilikuwa zaidi ya nyumba ya ibada. Ndipo mgeni alipokutana na mtu wa kwao, akasikia wimbo anaoujua, na akaambiwa kazi inapatikana wapi.

Katika jamii hiyo Harold Washington alizaliwa tarehe 15 Aprili 1922. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, naye akalelewa na baba. Mzee huyo, Roy Washington, alikuwa na shughuli tatu. Alikuwa mwanasheria, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na alikuwa kapteni wa chama cha Demokratiki katika kata yake.

Hiyo kazi ya kapteni inahitaji maelezo. Jiji la Chicago limegawanywa katika kata 50, kila kata na diwani wake. Kila kata nayo hugawanywa katika maeneo madogo ya kupigia kura, na kila eneo chama kilikuwa na mtu wake. Kwa kiasi fulani alifanana na balozi wa nyumba kumi kwetu. Alijua kila mlango. Alijua nani anaumwa, nani amefiwa, nani hana kazi, na kijana wa nani amekamatwa na polisi. Siku ya uchaguzi alijua pia nani bado hajaenda kupiga kura, akamfuata nyumbani.

Basi mtoto huyu alikua akimwona baba yake akiwa na Biblia siku moja, vitabu vya sheria siku nyingine, na jioni akigonga milango ya majirani. Hakusomea siasa kwanza darasani. Aliiona sebuleni, ikiwa na sura ya jirani mwenye shida. Sisi tunaolea watoto katika familia za wainjilisti, wazee wa kanisa na wachungaji tuliangalie jambo hili kwa makini. Mtoto anajifunza utumishi kwa kuona mlango wa nyumba yake unavyofunguliwa mtu anapobisha hodi.

Harold hakuwa na njia iliyonyooka. Alisoma sekondari ya DuSable, iliyopewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu wa Chicago aliyetoka nje ya wenyeji wa asili. Aliiacha kabla ya kuhitimu, akafanya vibarua, kisha akaingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili akatumika katika visiwa vya Pasifiki kwenye kikosi cha kujenga viwanja vya ndege. Aliporudi alijiunga na Chuo cha Roosevelt, kilichofunguliwa mwaka 1945 kwa watu wa rangi zote, akahitimu mwaka 1949. Mwaka 1952 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akiwa mweusi pekee katika darasa lake. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, na Harold akakalia kiti cha baba yake katika kata. Mtu mwenye shahada ya sheria alianza siasa kwa kugonga milango ile ile aliyoigonga mzee wake.

Mashine

Ukapteni huo ulikuwa sehemu ya mtandao mkubwa wa chama, ambao wenyeji waliuita kwa neno moja tu: mashine. Kiongozi wake aliyejulikana kuliko wote alikuwa Richard J. Daley, meya wa Chicago kuanzia 1955 hadi alipofariki Desemba 1976. Mashine ilifuata kanuni ambayo hata wahenga wetu waliijua: mkono mtupu haulambwi. Kapteni aliyeleta kura alipewa kazi ya jiji, na watu wake wakazolewa taka kwa wakati. Asiyeleta alisahauliwa. Watu weusi walileta kura nyingi na kupata kidogo. Shule za watoto wao zilipojaa kupita kiasi, jiji liliweka madarasa ya muda ya magurudumu nje ya shule hizo badala ya kuwapeleka watoto kwenye madarasa yenye nafasi katika mitaa ya weupe. Mwaka 1963 zaidi ya wanafunzi 200,000 walibaki nyumbani siku moja kulipinga jambo hilo.

Hapa tunapaswa kusema ukweli kuhusu makanisa, maana makala inayowasifu watu wa Mungu bila kuwachunguza haina faida kwao. Si makanisa yote yaliyosimama na wanyonge. Mashine ilijua kuzungumza na wachungaji. Kanisa lilihitaji kibali cha ujenzi, mkopo, au mkaguzi wa majengo asiye mkali, na ofisi za jiji ziliweza kuvitoa au kuvizuia. Mwaka 1966 Martin Luther King alipohamia Chicago kupigania haki ya makazi, wapo wachungaji weusi waliomfungia milango. Mchungaji Clay Evans wa Kanisa la Kibaptisti la Fellowship alimfungulia, na ujenzi wa kanisa lake ukakwama kwa miaka. Nguzo za chuma zilizosimama bila kuta ziliwaambia washarika wake kila Jumapili gharama ya kumkaribisha nabii.

Tunaona hapa hatari ambayo haiko Chicago peke yake. Mkono unaotupa mifuko ya saruji leo unaweza kesho kutuziba mdomo. Hatusemi kanisa likatae sadaka ya kiongozi, maana naye ni mtu wa Mungu na ana haki ya kumtolea Mungu. Tunasema kanisa lijiulize mapema: akikosea huyu aliyetupa bati, je, tutaweza kumwambia?

Harold naye alikuwa ndani ya mashine kwa miaka mingi. Aliingia katika bunge la jimbo la Illinois kwa uchaguzi wa mwaka 1964, akakaa huko katika mabaraza yote mawili hadi 1980, kisha akachaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi la Marekani. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alianza kupiga kura kinyume cha maagizo ya chama. Mwaka 1973 muswada wake uliifanya Illinois kuwa jimbo la kwanza kuweka sikukuu rasmi ya kumkumbuka Martin Luther King. Mwaka 1977, baada ya Daley kufariki, aligombea umeya kwa mara ya kwanza. Alipata takriban asilimia 11 ya kura za mchujo wa chama. Ilikuwa aibu, lakini tangu siku hiyo hakuwa tena mtu wa mashine.

Doa

Kuna doa katika maisha yake ambalo wapinzani wake hawakuliacha lipite. Mwaka 1972 alifungwa jela kwa zaidi ya mwezi mmoja kwa kosa la kutowasilisha taarifa za kodi kwa miaka kadhaa. Fedha alizokuwa akidaiwa zilikuwa kidogo, kwani sehemu kubwa ilikwisha kukatwa kwenye mishahara. Hata hivyo sheria ni sheria, na mwanasheria hana udhuru wa kutoijua. Alipogombea umeya jambo hilo lilitangazwa kila kona.

Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Fundisho hili linatuokoa na makosa mawili. La kwanza ni kumtafuta kiongozi asiye na doa, ambaye hayupo, na kwa kumkosa tukakaa nyumbani siku ya kupiga kura. La pili ni kumpenda kiongozi wetu kiasi cha kulificha doa lake. Daudi alikuwa chaguo la Mungu, na bado Nathani alitumwa kwake. Watu wa Chicago waliomchagua Harold walijua kwamba alikuwa amefungwa. Walipima kosa lililolipiwa adhabu dhidi ya kazi ya miaka mingi, wakaamua. Hivyo ndivyo raia mwenye imani anavyotakiwa kupima, macho yakiwa wazi.

Watu kwanza, mgombea baadaye

Sehemu ya habari hii ambayo tungependa kila usharika uijue ni ile ya mwaka 1982. Meya wakati huo alikuwa Jane Byrne, aliyeingia mwaka 1979 kwa msaada wa kura nyingi za weusi. Mwaka 1982 aliwaondoa weusi katika bodi ya nyumba za umma na kuweka weupe mahali pao, wakati wapangaji wengi wa nyumba hizo walikuwa weusi. Watu walichoka. Wakamwendea Harold wakimsihi agombee. Yeye alikuwa ametulia Washington katika kiti cha ubunge, na alikumbuka aibu ya 1977. Akawapa sharti: waandikisheni kwanza wapiga kura wapya 50,000.

Waliondoka wakaenda kufanya kazi. Watu waliandikishwa makanisani baada ya ibada, kwenye ofisi za misaada ya serikali, madukani na kwenye nyumba za umma. Redio ya watu weusi ilihimiza kila siku. Wafanyabiashara wakatoa fedha za matangazo. Wanawake wa makanisa, ambao kila mara hupika kwenye misiba na kukusanya michango bila majina yao kuandikwa popote, walipita mlango kwa mlango na fomu. Kazi ilipofungwa, wapya walioandikishwa walikuwa wamezidi 100,000. Harold hakuwa na sababu tena ya kukataa.

Tazama mpangilio wake. Haikuanza na mgombea akatafuta wafuasi. Ilianza na watu waliojiandaa, kisha wakapata mgombea. Na hapa ndipo fundisho letu la tawala mbili za Mungu linapotusaidia. Mungu hutawala kwa Neno na sakramenti kupitia kanisa, na hutawala kwa sheria na serikali kupitia watawala. Mimbari si jukwaa la chama, na wapo kule Chicago waliovuka mpaka huo. Lakini kumwambia mshariki kwamba kura yake ni wajibu wake kwa jirani, kumsaidia ajiandikishe, kumfundisha kupima sera bila kununuliwa kwa kanga na chumvi, hayo hayavuki mpaka wowote. Ni sehemu ya malezi.

Uchaguzi wa mchujo wa chama ulifanyika Februari 1983. Byrne na Richard M. Daley, mwana wa yule meya wa zamani, waligawana kura za weupe, na Harold akashinda kwa takriban asilimia 36. Kwa kawaida aliyeshinda mchujo wa Demokratiki Chicago alikuwa meya tayari. Safari hii haikuwa hivyo. Wademokrati wengi weupe walimhama mgombea wa chama chao wakamfuata Bernard Epton wa chama cha Republican, ambaye tangazo lake liliwataka wapiga kura wamchague kabla hawajachelewa. Kila mtu alielewa nini kilichoogopwa.

Tarehe 27 Machi 1983 ilikuwa Jumapili ya Mitende. Siku hiyo Harold alikwenda kusali katika kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Pascal, kaskazini-magharibi mwa jiji, akiwa pamoja na Walter Mondale, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani. Nje lilikuwapo kundi la watu weupe wakimzomea, na juu ya mlango wa kanisa mtu alikuwa ameandika kwa rangi maneno ya matusi ya kumtakia kifo mtu mweusi. Iliwabidi wageni waondoke mapema. Picha za tukio hilo zilienea nchi nzima, na weupe wengi waliokuwa hawajaamua waliona haya.

Jumapili hiyo Wakristo wa dunia nzima walikuwa wakikumbuka jinsi umati ulivyomshangilia Bwana akiingia Yerusalemu, na jinsi ulivyomgeuka kabla juma halijaisha. Waliozomea pale nje walikuwa watu wa mtaa wenye kanisa, na wengine bila shaka walibatizwa ndani yake. Sisi tusijione salama. Kwetu ubaguzi hauvai rangi ya ngozi. Huvaa kabila, ukoo, au swali kwamba fulani ametoka wapi. Unapoingia katika uchaguzi wa wazee wa kanisa au wa mchungaji kiongozi, mlango wetu nao umeandikwa, ingawa hakuna rangi inayoonekana.

Tarehe 12 Aprili 1983 Harold Washington alishinda kwa kura chache, karibu asilimia 52 dhidi ya 48. Watu weusi walimpigia karibu wote. Walatino wengi waliungana nao, pamoja na sehemu ndogo ya weupe. Wengi walivaa beji ya bluu yenye miali ya jua linalochomoza.

Ofisini

Aliapishwa tarehe 29 Aprili 1983, na siku chache baadaye vita vikaanza. Madiwani 29 kati ya 50, wakiongozwa na Edward Vrdolyak, waliungana kumpinga. Waligawana uenyekiti wa kamati zote muhimu na kuzuia uteuzi wake. Yeye alikuwa na madiwani 21, idadi iliyotosha tu kulinda kura yake ya turufu, kwa kuwa wapinzani walihitaji theluthi mbili kuitengua. Kwa miaka mitatu jiji liliendeshwa kwa mvutano huo.

Ndani ya mvutano huo alifanya mambo ambayo yalibaki. Alitoa agizo lililowafungulia wananchi nyaraka za jiji. Mwaka 1983 jiji lilikubali amri ya mahakama iliyokataza kuajiri na kufukuza watu kwa sababu za kisiasa, yaani alikubali kuuvunja upanga ambao mameya waliomtangulia waliutumia, na ambao sasa ulikuwa mkononi mwake. Bajeti ilipelekwa kujadiliwa na wananchi mitaani. Barabara na njia za waenda kwa miguu zilitengenezwa katika kata zote, zikiwamo kata za madiwani waliompinga. Jambo hili la mwisho ndilo linalotugusa zaidi. Baada ya miaka mingi ya watu wake kunyimwa, alikuwa na nafasi ya kulipiza kisasi kwa lami, naye hakufanya hivyo. Mtume Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na jua na mvua ya Mungu haviulizi kata.

Mwaka 1986, baada ya mahakama kuona kwamba mipaka ya kata iliwanyima weusi na Walatino haki yao, uchaguzi ulirudiwa katika kata saba. Madiwani wakawa 25 kwa 25, na kura ya meya ikawa ya kuamua. Aprili 1987 alichaguliwa tena. Safari hii njia ilikuwa nyeupe mbele yake, na alizungumza kama mtu atakayekaa ofisini kwa miaka mingi.

Asubuhi ya tarehe 25 Novemba 1987, siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, alianguka ofisini kwake kwa ugonjwa wa moyo, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Musa bila Yoshua

Jiji lililia. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni kuuaga mwili wake. Lakini hata kabla ya mazishi watu walikuwa wakihesabu kura. Usiku wa tarehe 1 Desemba baraza lilikutana kumchagua meya wa muda. Kundi lake lilikuwa limegawanyika katikati ya madiwani wawili weusi, Timothy Evans na Eugene Sawyer. Nje maelfu ya wananchi walipiga kelele wakimtaka Evans. Wapinzani wa zamani wa Harold waliungana na sehemu ya watu wake, na karibu na alfajiri Sawyer alichaguliwa kwa kura 29 dhidi ya 19. Muungano uliojengwa kwa miaka mingi ulivunjika katika juma moja. Mwaka 1989 Richard M. Daley alichaguliwa kuwa meya, akakaa hadi 2011. Ilifika mwaka 2019 ndipo wananchi wa Chicago walipomchagua tena meya mweusi.

Hatuandiki haya kumlaumu marehemu, wala Sawyer, ambaye naye alikuwa diwani aliyewatumikia watu wake. Tunaandika kwa sababu hili ndilo swali lililobaki kwa makanisa. Watu walikuwa wamejifunza kujiandikisha, kuchangia, kukesha na kupiga kura. Kisha polepole, katika ile miaka minne na nusu, tumaini lote lilihamia kwenye kifua cha mtu mmoja, na kifua kile kiliposimama tumaini nalo likasimama. Zaburi ya 146 inatuonya kuhusu kuwatumainia wakuu: pumzi yao ikitoka, mipango yao hupotea siku hiyo hiyo. Zaburi hiyo haisemi wakuu wote ni wabaya. Hata mkuu mwema ana pumzi ya kuazima.

Katika Hesabu 27 Musa anaambiwa kwamba atakufa. Hamwombi Mungu amwongezee miaka. Anamwomba aweke mtu juu ya mkutano, watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Na Yoshua anawekewa mikono mbele ya watu wote, Musa akiwa bado hai, watu wakiona. Kiongozi asiyeandaa wa kumpokea anawaachia watu wake urithi wa ugomvi. Na watu wasiomdai kiongozi wao jambo hilo wanashiriki kosa lake.

Lakini shamba halikufa. Mwaka 1985, Harold akiwa meya, alifika Chicago kijana wa miaka 23 ambaye baba yake alikuwa Mluo wa Kenya. Barack Obama aliajiriwa na shirika lililoungwa mkono na parokia za upande wa kusini, mitaa ambayo viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya wakazi wadai haki zao. Alipomaliza masomo ya sheria alirudi, na mwaka 1992 akaongoza kazi ya kuandikisha wapiga kura katika jiji hilo hilo. Wengi hapa Afrika Mashariki tunaijua sura ya mwisho ya habari yake. Ni wachache wanaojua kwamba udongo alioanzia ulikuwa umelimwa na washarika wa mwaka 1982 wenye fomu mikononi.

Basi tunaposema kwamba kanisa lina sehemu katika siasa, hatuna maana ya askofu kumtaja mgombea. Tuna maana ya darasa la Jumapili ambamo mtoto anafundishwa kutosema uongo hata kwa faida. Tuna maana ya umoja wa vijana unaochagua viongozi wake kwa haki na kuwaondoa kwa haki, na wa mtunza hazina wa usharika anayesoma mapato na matumizi mbele ya watu bila kuficha ukurasa. Diwani wa kesho yumo katika makundi hayo leo. Akizoea huko kwamba hesabu hazisomwi, hatazisoma atakapopewa halmashauri.

Na tukishampata kiongozi mwema, kazi yetu haijaisha. Tumwombee kwa jina katika sala ya kanisa, tumkosoe kwa upendo na bila woga, tumuulize anamwandaa nani, na tuendelee kufanya zile kazi tulizokuwa tukizifanya kabla hajapata cheo. Siku atakapoondoka, kwa kushindwa, kwa kustaafu au kwa kifo, milango ya mtaa itahitaji bado mtu wa kuigonga. Ombi la nne halisemi utupe mkate mara moja tu. Tunaomba wa leo, na kesho tutaomba tena, na kesho hiyo tutalima tena.